Jinsi pesa ya bonasi inavyofanya kazi katika poka ya mtandaoni ya pesa taslimu

Ukiweka pesa kwa mara ya kwanza katika akaunti ya poka ya mtandaoni na kuahidiwa bonasi ya asilimia 100, usidhani kwamba salio lako limeongezeka maradufu. Mara nyingi kiasi hicho huandikwa pembeni tu, na huwezi kukitumia mezani wala kukitoa mpaka ukikomboe kidogo kidogo kwa kucheza.

Kinachokikomboa si ushindi wako bali makato, yaani ile sehemu ndogo, aghalabu isiyozidi asilimia 5, ambayo kampuni hujichukulia kutoka katika fungu linaloshindaniwa mezani. Kwa kawaida hakuna makato iwapo mchezo umeisha kabla ya karata tatu za kwanza za pamoja, yaani zile zinazotumiwa na wachezaji wote, kufunuliwa. Aidha, kampuni nyingi humhesabia kila mchezaji makato kwa kadiri ya alichochangia, kwa hiyo anayetupa karata zake bila kuweka senti haongezi kitu hata akikesha mezani.

Fanya hesabu kabla ya kukubali. Tuseme umeweka dola 100, ukaahidiwa 100 nyingine, na masharti yanasema kwamba dola 5 zitaingia katika salio kila ulipapo dola 20 za makato, ndani ya siku 90. Ili uzipate zote itakubidi ulipe makato ya dola 400, maana yake unarudishiwa robo ya ulicholipa, na robo hiyo ndiyo ya kulinganisha na ofa nyingine, si ile asilimia 100 ya tangazo. Ikiwa katika meza zako za dau dogo unakatwa kama dola 2 kwa saa, utahitaji saa 200, yaani zaidi ya saa mbili kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Wapo wanaohamia meza za dau kubwa ili kuuwahi muda. Huko wanaweza kupoteza kwa jioni moja zaidi ya bonasi yote.

Mimi ningechagua bonasi inayolipwa kwa awamu kuliko inayolipwa yote mwishoni: muda ukiisha umelipa makato ya dola 380, ya awamu imekwisha kukupa dola 95, ile nyingine haijakupa kitu. Soma pia sharti la kutoa pesa, kwani katika baadhi ya tovuti ukitoa chochote kabla hujamaliza, bonasi iliyosalia hufutwa papo hapo.