Kabla hujamwambia daktari "nina vidonda vya tumbo"

Mtu akiumwa tumbo wiki mbili tatu huku kwetu anakuwa na jibu tayari, ni vidonda. Jirani kasema vidonda, shangazi kasema vidonda, wa duka la dawa kamuuzia omeprazo, dawa ya kupunguza asidi tumboni, bila hata kumuuliza panauma wapi. Akifika hospitali anasema hivyohivyo, "dokta mimi nina vidonda vya tumbo", na daktari ana foleni mpaka nje kwenye mabenchi, anaandika dawa za vidonda, mwingine aingie. Mimi nimekaa hivyo karibu miaka miwili. Nikitoka harusini nimepiga pilau na kuku wa kukaanga, saa saba saa nane usiku naamka nimejikunja, maumivu yako chini ya mbavu za kulia yanapanda mpaka nyuma ya bega, yanakaa masaa matatu manne halafu yanaondoka kama hayakuwepo. Nimebadilishiwa dawa za vidonda mara nne. Kumbe ni mawe kwenye mfuko wa nyongo! Na yaligundulika kwa sababu daktari mmoja kijana aliniuliza linaanza saa ngapi na ulikuwa umekula nini, swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza na mimi mwenyewe sikuwahi kujiuliza.

Kwa hiyo haya ni ya kuweka sawa kabla hujatoka nyumbani. Ila kuna watu ambao hawana muda wa kuandaa chochote, wao watafute usafiri tu. Unatapika damu au kitu cheusi kama machicha ya kahawa, choo cheusi cha kunata kama lami na kinanuka vibaya kuliko kawaida, tumbo limekuwa gumu kama ubao hata shuka likigusa unaruka, tumbo limevimba hupati choo wala hutoi hewa na unatapika. Mwenye ngiri ambayo siku zote ukiisukuma inarudi, leo imegoma kurudi na inauma, huyo naye aende sasa hivi, asisubiri asubuhi. Mwanamke ambaye hajaona siku zake halafu tumbo la chini linamuuma upande mmoja na kizunguzungu juu, hiyo inaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya kizazi na damu inavujia ndani huoni kitu, watu wanasema ni chango wanampa majani achemshe, jamani hapana. Na mtu mzima mwenye presha au kisukari anayesema kiungulia kimembana mpaka jasho linamtoka na pumzi inakata, huyo msimchanganyie magadi, apimwe moyo kwanza.

Haya, kama sio hao, kaa chini utulie.

Cha kwanza panauma wapi, na uonyeshe kwa kidole kimoja. Ukipapasa tumbo zima na kiganja daktari hapati kitu. Chembe ya moyo panapochoma choma ni habari ya tumbo lenyewe la chakula mara nyingi, ingawa maumivu makali ya hapohapo yanayotoboa mpaka mgongoni, hasa kwa mtu wa pombe, yanaweza kuwa ya kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo. Ubavuni kwa nyuma yakishuka mpaka kwenye kinena na mtu hatulii, anakaa anasimama anagaragara, hayo fikiria mawe ya figo. Kidole tumbo kinachanganya watu kwa sababu siku ya kwanza kinauma kitovuni, unasema nimekula vibaya, halafu baada ya masaa kadhaa maumivu yanahama yanakaa chini kulia, hamu ya kula imekata, ukikohoa au gari likipita kwenye tuta unahisi. Huyo asipewe dawa ya kumfanya aharishe wala asichuliwe tumbo, na njiani asile.

Halafu linaumaje. Hapa Kiswahili kimetupendelea sana sijui kwa nini hatutumii, tunasema tu "linauma". Kuchoma sio kukata, kukata sio kusokota, kusokota sio kujaa. Tumbo linalosokota linaachia linasokota tena, ni utumbo unajikamua, kama kuharisha kunakuja au kuna kitu kimeziba. Linalochoma ukiwa na njaa au usiku wa manane na ukila unapata nafuu, hapo ndio vidonda vya kwenye utumbo mdogo vinakaa kaa, lakini kuna vidonda vingine ukila ndio unaona cha moto. Linalojaa gesi baada ya maziwa kila mara, huenda huwezani na maziwa tu na huna ugonjwa wowote. Sema neno lenyewe kama linavyokuja mdomoni, daktari ataelewa.

Chukua simu uandike siku tano sita, ulikula nini saa ngapi, lilianza saa ngapi, liliisha saa ngapi. Mimi ningefanya hivyo mwanzoni ningeona neno pilau limejirudia hapo kama kiitikio.

Kuhusu choo najua tunaona aibu, ila geuka uangalie kabla hujamwaga maji. Rangi inasema mengi. Choo kikiwa cheupe cheupe kama udongo wa mfinyanzi huku mkojo ni wa rangi ya chai ya rangi na macho yanageuka njano, njia ya nyongo imeziba au ini lina shida. Damu na makamasi na unabana tumbo kila dakika, hiyo ni kuhara damu. Maji matupu kama ya kuoshea mchele, mengi, hayaishi, wahi kwa sababu kipindupindu kinamaliza maji ya mwili ndani ya masaa, na njiani mpe ORS, ile ya pakiti ya kuchanganya na maji, anywe kidogo kidogo, kama haipo lita moja ya maji safi na salama, vijiko vidogo sita vya sukari vya kusawazisha na nusu kijiko cha chumvi. Waliokaa pembeni ya ziwa Victoria, ukiona damu kwenye choo mtajie daktari kwamba unaogelea au unavua huko, kuna kichocho cha tumbo watu wa Dar hawakikumbuki kabisa. Na usitishike bure pia, vidonge vya kuongeza damu vinafanya choo kuwa cheusi.

Sasa dawa. Chukua mfuko wa rambo tia vyote, vidonge, maboksi, hata chupa ya mitishamba ile uliyonunua kwenye basi, upeleke kama vilivyo. Diklofenaki tunazomeza kwa ajili ya mgongo na magoti, ibuprofeni, aspirini, hizi zenyewe zinatoboa tumbo, unakuta mama anatibiwa vidonda asubuhi na jioni anameza kinachovileta. Tulizoea kusema vidonda vinaletwa na mawazo na pilipili mpaka madaktari wa Australia, Barry Marshall na mwenzake Robin Warren, waliposema ni bakteria, watu wakawacheka, mwaka 1984 Marshall akanywa bakteria wenyewe tumbo likawaka, na mwaka 2005 wakapewa Nobel. Bakteria ndio huyo H. pylori mnayepimwa.

Na kipimo chake kina masharti ambayo watu hawaambiwi. Cha choo kinataka uwe hujatumia omeprazo na ndugu zake kwa wiki 2 na antibayotiki kwa wiki 4, vinginevyo kinaweza kusema hauna kumbe unaye amejificha, ila kama dawa umeandikiwa usiache kichwa kichwa, muulize aliyekuandikia. Cha damu hakifai kujua kama umepona, kwa sababu kinaangalia askari wa mwili na askari hao wanabaki muda mrefu hata mdudu akishakufa. Unakuta mtu amerudia dozi mara tatu kwa ajili ya kipimo cha damu.

Ultrasaundi ya tumbo la juu usile masaa 6 mpaka 8, maana chakula kikiingia hasa cha mafuta, mfuko wa nyongo unajikamua unasinyaa, mawe hayaonekani vizuri. Mimi mara ya kwanza nilikunywa chai ya maziwa na maandazi mawili kituoni nikasema njaa ya nini, nikarudishwa, nauli imeenda na ruhusa kazini imeenda. Ya tumbo la chini ni kinyume, unakunywa maji mengi na unabana mkojo. Ile ya kamera kupita kooni nayo ni kufunga, na uende na mtu wa kukurudisha kama utapigwa dawa ya usingizi.

Mtoto hawezi kukwambia chembe ya moyo wala kinena kwa hiyo wewe ndio macho yake. Mchanga anayelia kwa vipindi, anakunja miguu, ananyamaza kachoka, anaanza tena, na choo kinatoka chekundu cha kuteleza kama jeli, utumbo unaweza kuwa umejiingiza ndani ya mwenzake, kimbia.

La mwisho mwambie daktari kama umepungua bila kujinyima, nguo zinapwaya, au chakula kinakwama ukimeza, hasa ukishavuka miaka 50 na tatizo ni jipya. Watu wanalisahau hilo kwa sababu haliumi. Na ukipewa dozi ya H. pylori, siku 14 ni 14 hata kama siku ya tano uko poa na mdomo una ladha ya chuma, kisha subiri angalau wiki 4 ndio upime tena, kwa choo.