Namna ya Kuzitoa Darsa za Madrasa Bure Mtandaoni: Mwongozo kwa Walimu

Darsa ya msikitini haina kiingilio. Anayetaka huketi, akasikiliza, akauliza, kisha akaondoka na alichokipata, na kesho akaweza kumfundisha mdogo wake nyumbani bila kuomba idhini kwa mtu. Darsa hiyo hiyo inapowekwa mtandaoni, mara nyingi hufungika kwa namna ambayo mwalimu mwenyewe hakuikusudia: huwa ni video ya saa nzima ambayo mwanafunzi hana bando la kuifungua, au kurasa zilizopigwa picha kwa simu hadi irabu za Kiarabu hazisomeki, au rekodi ambayo haisemi popote kama msikilizaji anaruhusiwa kuinakili. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya ustadhi au kamati ya madrasa inayotaka somo lake litoke kwa namna ambayo mwalimu mwenzake wa Mtwara, Bujumbura au Maskati ataweza kulichukua na kulifundisha bila kulazimika kumtafuta mwenye kulitoa.

Ruhusa kwanza, kinasa sauti baadaye

Wengi huanza na kurekodi. Mimi nashauri kuanza na ruhusa, kwa sababu kosa la sauti hurekebishika kwa kurekodi upya, ilhali somo lililokwisha kusambaa likiwa na kazi ya mtu mwingine ndani yake halirudi. Jambo la kuelewa mapema ni kwamba hakimiliki haisubiri usajili. Ukishaandika muhtasari wako wa fiqhi au kurekodi sauti yako, sheria tayari inakulinda, na kwa hiyo anayekuta kazi yako bila maelezo yoyote hana haki ya kuisambaza, hata kama moyoni mwako umeitoa sadaka. Nia yako haisomeki kwenye faili mpaka uiandike.

Kuhusu kazi za wengine, pima kila kitabu peke yake. Sheria ya Kenya ya mwaka 2001 na ile ya Tanzania Bara ya mwaka 1999 zinailinda kazi ya mwandishi katika uhai wake na kwa miaka 50 baada ya kufariki kwake. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alifariki mwaka 1947; makala alizozichapisha mwenyewe miaka ya 1930, alipokuwa akitoa gazeti lake la Al-Islah, zimekwisha kutoka katika ulinzi huo. Sheikh Abdullah Saleh Farsy alifariki mwaka 1982, kwa hiyo kazi zake bado zimelindwa hadi mwisho wa mwaka 2032, na tafsiri yake ya Qurani ina mchapishaji ambaye naye lazima aulizwe. Tahadhari nyingine ni ya matoleo mapya ya vitabu vya kale. Matini ya kitabu cha fiqhi ambacho mtunzi wake alifariki zaidi ya karne moja iliyopita ni ya wote, lakini tafsiri ya Kiswahili iliyochapwa juzi, pamoja na sherehe (ufafanuzi wa matini) na maelezo yake ya chini, ni mali ya aliyeifanya. Soma matini ya asili na uieleze mwenyewe kwa lugha yako, wala usiinakili tafsiri ya mwenzako. Kwa sababu hiyo hiyo usiweke kaswida ya kikundi fulani mwanzoni mwa rekodi kwa ajili ya kuipamba, wala kisomo cha msomaji mashuhuri kilichochukuliwa kwenye mtandao, mpaka uwe na idhini ya wenyewe.

Kazi ikishakuwa yako kweli, ipe leseni, yaani ruhusa ya maandishi inayosema wengine waifanyie nini. Leseni za Creative Commons, ambazo zilianza kutolewa mwaka 2002, zimeandaliwa kwa kazi hii na hazina malipo wala usajili. Ile inayojulikana kwa herufi BY inamruhusu kila mtu kunakili, kutafsiri na kurekebisha mradi akutaje. BY-SA inaongeza sharti kwamba alichokitengeneza kutokana na kazi yako nacho akiache wazi kwa masharti hayo hayo. Masheikh wengi, wakisikia neno kurekebisha, huogopa kupotoshewa maneno, na hofu hiyo ni ya haki kabisa katika mambo ya dini. Ndiyo maana baadhi yao huchagua leseni yenye herufi ND, inayokataza kusambazwa kwa kazi iliyobadilishwa. Ningewaomba wafikiri mara mbili. Leseni hiyo inakataza pia kusambaza tafsiri, kwa hiyo mwalimu anayetaka kuligeuza somo lako kuwa Kiganda au Kimakonde na kuwagawia wanafunzi wake atakuwa amefungiwa mlango. Toleo la 4.0 la leseni hizi linamlazimisha aliyebadilisha kitu aseme kwamba amebadilisha, linamzuia kujifanya ameungwa mkono nawe, na linakupa haki ya kumtaka aliondoe jina lako kwenye kazi usiyoiridhia. Kwa masomo ya kawaida ya fiqhi, sira na akhlaki, naona ulinzi huo unatosha na BY-SA ndiyo inayofaa. Herufi NC, inayokataza biashara, nayo ina uzito wake: mwenye duka la fotokopi anayetoza pesa kwa kila ukurasa hubaki na wasiwasi, na huyo ndiye anayewachapia wanafunzi wetu. Lakini amua kwa utulivu, kwa kuwa leseni ukishaitoa huwezi kuwanyang'anya waliokwisha kuipokea.

Kisha itamke leseni hiyo kwa maneno ambayo kila mtu ataelewa. Mwanzoni mwa kila rekodi sema: "Somo hili ni bure. Unaruhusiwa kulinakili, kulisambaza na kulitafsiri, kwa sharti kwamba utaje jina la mwalimu na madrasa, na ulichokitengeneza nacho ukiache bure kwa masharti haya haya. Leseni yake ni Creative Commons BY-SA 4.0." Yaandike maneno hayo hayo kwenye ukurasa wa kwanza wa kila kijitabu. Ikiwa anayefundisha si wewe, mwombe atie sahihi karatasi fupi yenye jina la darsa, tarehe na leseni aliyoikubali, nawe uihifadhi, kwani baada ya miaka mingi warithi wake wataulizwa swali hilo.

Sauti iliyo nyepesi

Kwa darsa nyingi, sauti peke yake inatosha na ndiyo inayofika mbali. Maikrofoni ndogo inayobanwa kwenye kola ya kanzu na kuchomekwa kwenye simu hutoa sauti safi kuliko simu ya bei kubwa iliyoegemezwa kwenye marfaa mbali na mwalimu. Zima pangaboi lililo juu yake, funga dirisha la upande wa barabara, na usirekodi karibu na wakati wa adhana.

Rekodi ya asili ihifadhi kama ilivyo, bila kuibana. Faili la WAV, yaani sauti isiyobanwa, la saa moja, hata la chaneli moja, linazidi megabaiti 300, na hilo si la kumtumia mtu. Fungua nakala yake katika Audacity, programu ya bure, uiunganishe iwe chaneli moja, ukate ukimya wa mwanzo na mwisho, usawazishe sauti, kisha uitoe kama MP3 ya kilobiti 32 kwa sekunde. Saa moja itakuwa na megabaiti 14 hivi, wakati kwa kilobiti 128, kiwango ambacho programu nyingi hukichagua zenyewe, ingefika 57. MP3 nimeichagua kwa kusudi: inachezwa na kitochi chenye memori kadi, na mama anayesikiliza darsa huku akisuka ukili hahitaji simu janja. Darsa ya tajwidi ndiyo peke yake ninayoitenga na kanuni hii, kwa sababu tofauti ya tha na sin imo katika sauti nyembamba za juu, ambazo ubanaji mkali huziharibu. Ipe kilobiti 64, na ugawe somo katika vipande vya dakika 30 au chini ya hapo ili uzito ubaki ule ule.

Jina la faili nalo lieleze kilichomo. Faili linaloitwa "sauti-0047" hupotea likishafika kwenye simu ya mtu, ilhali "fiqhi-somo-03-nguzo-za-udhu" linajieleza lenyewe na kukaa kwenye mpangilio wake.

Maandishi

Aya za Qurani usizichape kwa mkono. Mradi wa Tanzil unatoa matini iliyohakikiwa, na unaruhusu kuinakili mradi usibadilishe hata herufi moja na utaje chanzo. Unapotengeneza PDF, hakikisha fonti zimewekwa ndani ya faili, la sivyo harakati (alama za irabu za Kiarabu) zitaruka kwenye simu nyingine. Kisha ifungue kwenye simu ya bei nafuu kabla ya kuitoa. Taja sura na aya kwa namba, na kila hadithi uandike imepokewa na nani na toleo ulilolitumia, kwa kuwa namba za hadithi hutofautiana baina ya matoleo. Pamoja na PDF weka faili la maandishi linaloweza kuhaririwa, kwa sababu mwalimu hutaka kuongeza maswali yake.

Watoto

Sauti ya mtoto anayesoma juzuu ni nzuri kusikiliza, lakini usiitoe bila ridhaa ya mzazi iliyoandikwa, na usitaje jina lake kamili wala kuonyesha uso wake. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 na Tanzania ya mwaka 2022. Hata zisingekuwapo, mtoto ni amana.

Mahali pa kuyaweka

Vikundi vya WhatsApp na Telegram ni vya kutangazia. Ujumbe huzama, simu hufutwa, msimamizi huhama. Nyumba ya kudumu iwe Internet Archive, maktaba ya mtandaoni iliyoanzishwa mwaka 1996, inayopokea mafaili bila malipo na kumruhusu kila mtu kuyapakua bila kujisajili. Jaza kwa Kiswahili sehemu ya kichwa, jina la mwalimu, mada na lugha, uchague leseni ile ile uliyoitamka kwenye rekodi, kisha upeleke kiungo chake kwenye vikundi. Kwa wasio na mtandao, jaza darsa zote za mwaka kwenye memori kadi na flashi, na uziache msikitini wazichukue na kuzinakili.

Weka pia anwani ya barua pepe ya madrasa, si namba ya simu ya mtu, ili msikilizaji aliyegundua kosa aweze kulieleza. Kosa likithibitika, toa faili jipya lenye tarehe ya toleo kwenye ukurasa ule ule, andika kilichobadilishwa ni dakika ya ngapi au ukurasa wa ngapi, na utangaze marekebisho hayo kwenye kila kikundi kilichopokea toleo la kwanza.