Kabla Hujalipa Dau Kubwa Ukiwa na Karata Nzuri

Katika poka, karata mbovu haziumizi sana. Unazitupa mapema na hasara inaishia hapo. Fedha nyingi huondoka siku umeshika karata nzuri na mwenzako ameshika nzuri zaidi, kwa sababu ukishaziona tatu za namba moja mkononi, akili inataka kulipa tu dau la mwenzako. Ndiyo maana kazi ya kufikiri inapaswa kufanyika kabla dau halijafika mbele yako.

Tuchukue mkono mmoja wa Texas Hold'em, poka ambayo kila mtu hushika karata mbili zake na kuziunganisha na tano zinazofunguliwa mezani kwa wote. Umeshika tisa mbili, ya kopa na ya uru. Mezani zimefunguliwa mfalme wa shupaza, tisa ya shupaza na nne ya uru. Karata ya nne ni ghulamu (J) wa pau, ya tano ni mbili ya shupaza. Una tisa tatu. Poti, yaani fedha iliyokusanywa katikati, ina 100, na mpinzani, ambaye amekuwa akiweka dau tangu mwanzo, anasukuma 100 nyingine. Umebaki naye peke yake.

Anza na bei, maana ndiyo sehemu rahisi. Unalipa 100 ili poti iwe 300, kwa hiyo unahitaji kushinda walau mara moja katika kila tatu, yaani asilimia 33. Dau lingekuwa nusu ya poti ungehitaji asilimia 25. Lingekuwa mara mbili ya poti, asilimia 40. Namba hizi tatu zikariri kabisa, usiwe unazitafuta wakati watu wanakusubiri.

Sasa linakuja swali lenye uzito: kwa karata zipi huyu mtu angeweka dau hili? Hatutafuti karata zote anazoweza kuwa nazo. Tunatafuta zile ambazo angefika nazo hapa na kuziwekea kiasi hiki. Zihesabu. Wafalme wawili wanaweza kupatikana kwa namna 3, kwa kuwa mmoja yuko mezani; maghulamu wawili namna 3. Malkia na kumi, ambao walikamilisha mfuatano (karata tano zinazofuatana) karata ya nne ilipofunguka, wana namna 15 ukiondoa ile ya shupaza tupu. Mwenye shupaza mbili naye ana tano za aina moja pamoja na zile tatu za mezani: shupaza zilizobaki ni 10, na jozi zinazoweza kuundwa humo ni 45, ingawa nyingi hakuna mtu makini angezicheza tangu mwanzo. Zote hizi zinakushinda.

Unazozishinda ni mfalme na ghulamu, namna 9; nne mbili, namna 3; mfalme na tisa, namna 3. Jiulize kwa unyoofu: mtu mwenye mfalme na ghulamu angeona shupaza ya tatu imeanguka halafu asukume poti nzima? Wachezaji wengi wangepunguza dau au wangepita bila kuweka lolote. Ikiwa naye ni wa namna hiyo, basi tisa zako tatu zimeshuka thamani hadi kuwa sawa na mfalme mmoja mkononi. Zote mbili zinashinda mkwara peke yake, yaani dau la kutisha lisilo na karata nyuma yake. Hapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu wanapima karata kwa ngazi yake katika orodha ya ushindi. Kipimo kinachofaa ni idadi ya madau makubwa ya mpinzani ambayo karata hizo zinayapiga.

Basi utafute mkwara. Ni nani alikuwa akisubiri kitu na hakukipata? Waliosubiri shupaza wamepata. Malkia na kumi wamepata. Wanabaki watu wenye karata ya kumi pamoja na ya nane, au ree (A) na malkia, na si wengi. Mkwara mmoja katika kila madau matatu haufikiki kirahisi hapa, na mimi ningetupa tisa zile tatu bila kinyongo. Lakini badilisha karata moja tu: mbili ya mwisho iwe ya kopa. Shupaza zote zimebaki mikono mitupu, mfalme na ghulamu wana sababu ya kujiamini, na dau lilelile sasa ni la kulipa haraka.

Angalia pia karata zako zinamzuia kushika nini. Ungekuwa na ree la shupaza, zile jozi 45 zingeshuka hadi 36, na ile kubwa kuliko zote isingekuwepo. Usilipe kwa sababu hiyo peke yake, hata hivyo. Ree hilohilo ndilo wachezaji wajuzi hupenda kulitumia kupigia mkwara, na ukiwa nalo wewe, mkwara wao umepungua pia.

Kama bado kuna karata ya kufunguliwa, hesabu ni nyingine. Rudi kwenye karata ya nne, na tuseme mpinzani tayari ana malkia na kumi. Umeshindwa kwa sasa, lakini tisa moja, wafalme watatu, maghulamu watatu au nne tatu zitakurudisha juu, kwa kukupa tisa nne, au tisa tatu pamoja na jozi, ambazo zinapita mfuatano: karata 10 kati ya 44 ambazo hamjaziona, karibu asilimia 23. Kwa dau la nusu ya poti bei haiko mbali nawe hata ukiwa nyuma, na bado kuna nafasi nzuri kwamba uko mbele. Ndiyo maana dau la karata ya nne hulipika kwa urahisi kuliko la karata ya tano.

Wachezaji wakiwa watatu au zaidi kwenye poti, punguza sana matarajio ya mkwara, kwani anayeweka dau kubwa mbele ya watu wawili anajua lazima awatishe wote. Akipandisha dau mtu mpole ambaye hajafanya lolote usiku kucha, mwamini. Katika mashindano, karibu na nafasi za kulipwa zawadi, ongeza kiwango unachohitaji juu ya bei ya poti: chipu (vipande vinavyotumika kama fedha mezani) unazopoteza zina thamani zaidi kuliko zile unazopata, na ukitolewa huna pa kurudi. Na fedha iliyo mezani iwe ile uliyokwisha kukubali kuikosa. Mtu anayelipa kwa fedha ya kodi hawezi kuhesabu chochote kati ya haya.

Ukiamua kulipa, fikiria sekunde moja kama upandishe dau badala yake. Ikiwa atakayelipa nyongeza yako ni mwenye karata bora peke yake, lipa tu.

Kabla ya kugusa chipu, mwombe mgawaji akutajie kiasi cha dau, na ujue mpinzani amebakiwa na ngapi. Ukitamka neno, kwenye meza nyingi limekufunga, kwa hiyo tamka ukiwa umeshaamua. Baada ya malipo, aliyeweka dau la mwisho ndiye anayefunua kwanza. Zako zishikilie hadi uzione zake zimelala wazi mezani.