Unashinda kwenye thina au gundi? Mkojo pima, ila pima kwa muda wake

Nawaandikia mafundi wa rangi za magari, viatu na sofa, maana wengi mnapimwaga mkojo Jumatatu asubuhi mnaambiwa mko freshi na huku vidole vya miguu vinakufa ganzi. Hizi kemikali hazikai sana mwilini, ukipumzika wikiendi nzima nyingi inakuwa imeshatoka, sasa hicho kichupa cha Jumatatu kitaonyesha nini?

Kwanza ujue unavuta nini. Soma lebo, na kama gundi umepimiwa kwenye chupa ya maji mwambie muuzaji akuonyeshe debe lenyewe. Tafuta toluini na heksani. Toluini inaacha alama kwenye mkojo inaitwa orto-kresoli, heksani inaacha 2,5-heksanedioni, na hii ndo naiogopa zaidi kwa sababu siyo alama tu, ndiyo yenyewe inayokula neva, yaani mishipa ya fahamu, ini ndo linaigeuza heksani kuwa hiyo.

Mkojo toa mwisho wa zamu, na kwa heksani iwe siku ya mwisho ya wiki, kwa mfano Jumamosi jioni ukishavua ovaroli na kunawa mikono vizuri. Omba wapime na kreatinini humohumo, ni taka ya misuli inayoonyesha mkojo ni mzito au mwepesi, maana ukinywa maji mengi mkojo unakuwa mwepesi na namba inashuka bure. Kama unavuta sigara sema, inapandisha orto-kresoli. Wakikwambia wanacho kipimo cha asidi ya hipuriki tu, hiyo nayo ni alama ya toluini, basi acha soda na juisi za dukani tangu jana yake, ile sodiamu benzoeti inayowekwa zisiharibike inageuka kuwa asidi hiyohiyo.

Lakini jamani, mkojo unasema kilichoingia juzijuzi, hausemi neva zimeumia kiasi gani, na gundi ya miaka kumi iliyopita haionekani humo kabisa. Kwa hiyo mwombe daktari kipimo cha kasi ya umeme kwenye neva, hospitali kubwa ndo utakipata, na apime na sukari maana kisukari na pombe nazo zinaleta ganzi hiyohiyo. Wewe mwenyewe jichunguze: ganzi imeanza vidoleni miguu yote miwili inapanda kama soksi? ndala inavuka hujui? ukichuchumaa kuinuka ni shida? Fundi rangi, ukianza kuchanganya bluu na kijani usiseme ni macho ya uzee, hizi kemikali zinagusa hata uwezo wa kuona rangi.

Na ukiacha kazi ganzi ikazidi usirudi ukidhani kuacha hakujasaidia, ya heksani huwa inaendelea kuzidi wiki kadhaa hata miezi ndo ianze kupungua taratibu. Siku ya kwenda kwa daktari beba picha ya lebo ya kopo na daftari lenye tarehe na masaa uliyoshinda humo.