Somo: Kuandaa na kutunza rili ya bei ya juu ya kuvulia baharini

Rili, yaani vifaa vya kukunjia mshipi kwenye fimbo, za daraja la Shimano Stella SW au Daiwa Saltiga zina sifa mbili kuu: breki inayoachia mshipi bila kushikashika, na mwili uliozibwa ili maji ya chumvi yasipenye. Wanunuzi wengi huhesabu beringi na kulinganisha uwiano wa giya. Mimi nasema breki kwanza. Kolekole mkubwa akikimbilia mwamba, breki ndiyo inayoamua kama utampata.

Hatua ya 1: Jaza mshipi. Mshipi wa kusuka unateleza. Ukiufunga moja kwa moja kwenye spuli (kigurudumu kinachobeba mshipi) ikiwa tupu, mshipi wote unaweza kuzunguka juu ya chuma, nawe ukadhani breki imeharibika. Anza na mizunguko michache ya nailoni, kisha unganisha. Wakati wa kujaza, ubane mshipi kwa kitambaa kilicholowa, tena kwa nguvu. Ukibonyeza spuli kwa kidole gumba, isibonyee. Mshipi uliolala ukiwa umelegea ni hatari: samaki akivuta, tabaka la juu huzama katikati ya yale ya chini, hukwama, na hapo hukatika. Acha nafasi ya milimita 2 hivi chini ya ukingo wa spuli.

Hatua ya 2: Pima breki kwa mizani. Usikisie kwa mkono. Pitisha mshipi kwenye pete za fimbo, fungia mizani ya kuning'iniza, mwenzako ashike fimbo ikiwa imeinama kama akiwa na samaki, nawe uvute taratibu. Soma mizani wakati spuli inazunguka. Kiasi cha kuanzia ni asilimia 25 hadi 30 ya nguvu ya mshipi, yaani mshipi wa kilo 30 uanze kuachia kwenye kilo 7.5 hadi 9. Angalia pia mshale wa mizani: ukirukaruka badala ya kutulia, sahani za breki zinahitaji kusafishwa na kupakwa grisi yake maalumu.

Hatua ya 3: Ukiwa majini. Baada ya kurusha, funga kwa mkono upinde wa waya unaoongoza mshipi kwenye spuli, kisha vuta mshipi kidogo ukaze kabla ya kuzungusha. Samaki akiwa anachukua mshipi, acha mpini. Kuzungusha wakati spuli inaachia hakukuongezei hata sentimita moja, kunausokota mshipi tu.

Hatua ya 4: Osha siku hiyohiyo. Hapa ndipo rili nyingi nzuri hufia. Kaza breki kwanza, ili maji yasiingie kwenye sahani. Mwagia maji baridi yasiyo na chumvi kwa mtiririko mwepesi, huku fimbo ikiwa imesimama. Usitumie maji ya kasi, maana yanasukuma chumvi ndani kupita sili (vizibo vya kuzuia maji). Usiitumbukize kwenye ndoo, na usitumie maji ya moto. Kwenye mshipi usifanye haraka, kwa sababu ule wa kusuka hubeba maji ya bahari katikati ya nyuzi zake. Zungusha rola ya mshipi (kigurudumu kidogo kwenye upinde wa waya) kwa kidole maji yakiwa yanapita. Beringi yake ndiyo huwa ya kwanza kukwaruza. Futa, kausha kivulini, na mwisho legeza breki. Ukiiacha imekazwa kwa wiki kadhaa, sahani hugandamana, na siku ya kuvua huanza kwa kushtuka.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, samaki alikuwa ameshaenda mbali sana, breki sijaigusa, mshipi ukakatika. Kwa nini?*
Breki ilijikaza yenyewe, ndugu. Mshipi ukipungua, mduara uliobaki kwenye spuli unakuwa mdogo, na nguvu ya kuuvuta inaongezeka. Kipenyo kikibaki nusu, breki ya kilo 8 inakuwa kilo 16. Ongeza msuguano wa maji kwenye mshipi mrefu. Akienda mbali, legeza kidogo.

*Naweza kupulizia dawa ya kulegeza kutu baada ya kuosha?*
Ndani, hapana, kwani inayeyusha grisi. Tumia tone moja la oili ya rili kwenye rola na kwenye kitovu cha mpini. Ila kama ni Daiwa yenye sili ya oili ya sumaku, sehemu hiyo usiitie oili yoyote, utaiharibu.

*Mpini wangu unarudi nyuma kidogo ninapovuta kwa nguvu.*
Mara nyingi ni beringi ya mwelekeo mmoja, ile inayozuia mpini kurudi nyuma, iliyoingiwa na grisi nzito. Inatakiwa oili nyepesi tu, kidogo sana. Kama hujawahi kufungua rili yenye sili, mpelekee fundi, kwa sababu sili ikirudishwa vibaya maji yataingia.

*Rili ilidumbukia baharini na kutoka. Niioshe tu?*
Ioshe mara moja, kisha ifunguliwe isafishwe hata kama inazunguka vizuri. Chumvi iliyoingia hainyamazi.