Mbwa wawili ufukweni: wenye mbwa kaeni katikati
Mkienda Coco Beach na rafiki, kila mmoja na mbwa wake, msiwakutanishe uso kwa uso. Anzeni kutembea kuelekea upande mmoja, nyie wawili katikati, mbwa mmoja upande wa bahari, mwingine upande wa nchi kavu, kamba zilegee. Mbwa wakikodoleana macho ni rahisi kuchokozana. Wakitazama mbele wanazoeana kwa harufu, halafu mnawasogeza polepole. Mbwa anayeogopa mawimbi (yupo kila mara!) akae upande wa nchi kavu. Nendeni maji yakiwa yamekupwa, maana bamvua (maji makubwa ya bahari) likijaa ufukwe unakuwa mwembamba na mbwa wanabanana, mbinu inakufa hapo hapo. Mbwa mwenye historia ya kuuma wenzake, hii haimtoshi.