Namna ya Kufuatilia Safari ya Cheo cha Mtawala: Mfano wa Kaisari

Anayetaka kujua jinsi cheo cha mtawala kilivyosambaa katika lugha nyingi na aanze kwa kutafuta wakati ambapo neno lenyewe liliacha kuwa jina la mtu. Kaisari lilikuwa jina la ukoo wa Gaius Julius Caesar, mtawala wa Roma aliyeuawa mwaka 44 K.K., na warithi wake waliendelea kulibeba kwa kuzaliwa au kwa kuasiliwa. Mwaka 41 B.K. Claudius, ambaye hakuzaliwa wala kuasiliwa katika ukoo huo, alilitwaa aliposhika madaraka. Tangu hapo jina lilikuwa limekwisha kugeuka cheo.

Hatua inayofuata, nayo ndiyo yenye faida kuliko zote, ni kuisikiliza kwa makini sauti ya kwanza ya neno. Warumi wa enzi ya Julius walitamka k, na lugha zilizolipokea mapema au kwa njia ya Kigiriki zimeihifadhi sauti ya nyuma ya kinywa: Kijerumani kina Kaiser, Kiarabu kina qaysar, na Kaisari wetu wa Injili ana k ileile iliyomo katika maandiko ya Kigiriki. Baadaye k ya Kilatini ililainika ilipotangulia irabu kama e na i, ndiyo maana Waitaliano husema Cesare kwa ch na Wafaransa César kwa s. Kwa Waslavi neno lilianza kwa ts, likafupishwa likawa tsar, cheo alichotawazwa nacho Ivan wa Nne, mtawala wa Urusi, mjini Moscow mwaka 1547.

Kisha uliza ni nani aliyelihitaji, kwa maana cheo hakisafiri bila mwenye haja nacho. Mehmed wa Pili, sultani wa Waturuki wa Osmani, baada ya kuiteka Konstantinopoli mwaka 1453, alijiita Kayser-i Rum ili aonekane mrithi halali wa Roma. Na Victoria, malkia wa Uingereza, alipotangazwa mtawala mkuu wa India mwaka 1877, lilichaguliwa Kaisar-i-Hind kwa kuwa neno lilikwisha kuzoeleka huko.

Jihadhari, hata hivyo, na maneno yanayofanana. Kwa hati za Kiarabu, qaysar na qasr, lililotupa kasri, huandikwa kwa qafu, sadi na rai zilezile, yakitofautiana kwa herufi ya yei tu; lakini wanaisimu hulirudisha qasr kwenye castrum ya Kilatini, yaani kambi ya jeshi yenye ngome, wala halihusiani na ukoo wa Julius.